Sikiliza Maikrowevu Kabla ya Kushika Bisibisi

Maikrowevu ikianza kutoa mlio usioujua, chombo cha kwanza cha uchunguzi si bisibisi wala mita ya fundi. Ni bilauri ya maji. Jaza maji ya bomba, iweke katikati ya sahani ya kioo, funga mlango, washa kwa nguvu zote kwa dakika moja, kisha simama pembeni usikilize. Usiijaribu mashine ikiwa tupu. Mawimbi yasipopata kitu cha kupasha hurudi yalikotoka na kuiunguza magnetroni, kile kifaa kinachoyazalisha, na kosa dogo linageuka kuwa kubwa kwa sababu ya jaribio lenyewe.

Mashine iliyo nzima ina mpangilio wake wa sauti. Kwanza unasikia "tik", relei, yaani swichi ya ndani inayoendeshwa na umeme, imefunga. Papo hapo feni inaanza kuvuma, taa inawaka na sahani inaanza kuzunguka. Baada ya sekunde moja au mbili mvumo unabadilika, unakuwa mzito kidogo. Hapo uzi ulio ndani ya magnetroni umeshapata moto na mashine imeanza kupika. Ukiweka nguvu za chini, kwa mfano wakati wa kuyeyusha nyama iliyoganda, mvumo huo mzito utakuja na kuondoka, "tik" ukija, "tik" ukiondoka, kwa sababu mashine za kawaida hazipunguzi nguvu bali huwaka na kuzima kwa zamu. Watu wengi hupeleka mashine kwa fundi kwa sababu ya sauti hiyo, nayo haina kasoro yoyote. Mwenye maikrowevu aisikilize siku ikiwa na afya, ili siku ikiumwa ajue kilichozidi na kilichopungua.

Mvumo wenyewe una chanzo kinachoeleweka. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko huyavuta mara mbili mabati membamba yaliyopangwa ndani ya transfoma. Hiyo ni mitetemo 100 kwa sekunde, nayo ndiyo ile sauti ya chini iliyotulia unayoisikia jikoni. Transfoma hiyo hupandisha umeme wa volti 230 hadi volti 2,000 hivi, kisha kapasita na dayodi huusukuma juu zaidi, hadi karibu volti 4,000, ndipo magnetroni itoe mawimbi ya megahezi 2,450. Ndiyo kusema ndani ya kava lake mashine inayopasha uji wa mtoto ina nguvu ya kumuua mtu mzima.

Nayaandika haya kwa sababu naona hasara za aina mbili. Mashine nzuri zinatupwa au kuuzwa kwa wanunua vyuma kwa kosa ambalo sabuni na mswaki vingelimaliza. Na upande wa pili, vijana wenye moyo wa kujifunza wanafungua kava nyumbani kwa kufuata video ya simu, bila mtu wa kuwaambia nini kinawasubiri mle ndani. Milio mingi ya maikrowevu inatoka sehemu ambazo mkono wa mwenye nyumba unazifikia bila kufungua skrubu hata moja. Iliyobaki ni kazi ya fundi, tena fundi anayeijua mashine hii hasa.

Tuanze na mkwaruzo. Sahani inazunguka, na kila ikifika mahali fulani unasikia "kwaru", kisha kimya, kisha "kwaru" tena. Chomoa plagi ukutani. Toa sahani ya kioo, toa na lile duara la plastiki lenye magurudumu matatu linalokaa chini yake. Piga tochi ya simu kwenye sakafu ya mashine. Mara nyingi utakuta punje ya wali iliyokauka ikawa ngumu, au tone la mchuzi wa nazi lililogandia kwenye njia ya magurudumu, au ukoko wa maziwa yaliyofurika wiki iliyopita na kila mtu akajifanya hakuyaona. Angalia na mihimili ya magurudumu yenyewe. Nywele, nyuzi za kitambaa cha kufutia na mafuta ya chakula hujizungusha pale mpaka gurudumu linaacha kuviringika na kuanza kuburuzwa, na kuburuzwa huko ndiko unakokusikia. Loweka duara kwenye maji ya moto yenye sabuni, lisugue kwa mswaki wa zamani, kisha zungusha kila gurudumu kwa kidole mpaka liende lenyewe. Likaushe kabla ya kulirudisha. Usitie mafuta ya kupikia wala grisi. Mafuta hunasa uchafu na kupata moto, na si muda mkwaruzo utarudi ukiwa mbaya zaidi.

Katikati ya sakafu kuna kiungio kidogo cha plastiki, aghalabu chenye mabawa matatu, kinachokaa juu ya mhimili wa mota na kuikamata sahani kwa chini. Kikichakaa, mabawa yake huteleza kwenye vibonyeo vya sahani, na kila kikiteleza hutoa "tak". Kivute juu kwa vidole. Kwenye mashine nyingi kinatoka bila nguvu. Tazama tundu lake la chini: likiwa zima lina upande mmoja uliolala bapa ili lishike mhimili, likilika likawa duara kamili, mota itazunguka peke yake na sahani itabaki imesimama, ikitikisika na kugonga. Kiungio kipya ni kitu kidogo cha bei nafuu. Chukua kile cha zamani uende nacho dukani, maana urefu na umbo la tundu hutofautiana, na muuzaji hawezi kukisia kwa maelezo ya mdomo.

Kuna jambo jingine kwenye sahani linalowatia watu wasiwasi bure. Mota yake inafuata mapigo ya umeme na, kwenye mashine nyingi, haina upande maalumu wa kuanzia. Sasa hivi itazungusha sahani kulia, ukiwasha tena itaizungusha kushoto. Na ukiweka bakuli refu la mstatili linalogusa ukuta wa ndani, mota ikizuiwa hugonga na kugeuza mwelekeo, kisha ikigusa upande wa pili hugeuza tena. Kugonga huko kunatisha, lakini dawa yake ni bakuli dogo.

Ikiwa mlio unaendelea hata baada ya kutoa sahani, duara na kiungio, basi huenda gia za plastiki ndani ya mota zimelika. Kwenye mashine nyingi mota hiyo hufikiwa kwa chini, kupitia kibati kidogo, bila kugusa kava kubwa wala sehemu za umeme mkali, na kwa mtu mwenye mkono wa kazi ni shughuli fupi ilimradi plagi imechomolewa na sahani imetolewa. Lakini soma maandishi yaliyopo juu ya mota kabla ya kununua nyingine. Zipo za volti 220 hadi 240, na zipo za volti 21 au 30, nazo kwa umbo zinafanana kabisa. Ukiweka ya volti 21 mahali pa ile ya 220 itaungua mara moja.

Mpasuko mkali, "pa, pa, pa", ukifuatana na mwanga wa buluu, ni cheche. Zima papo hapo, kabla ya kuuliza chochote. Kisha toa chombo ulichoweka ukitazame vizuri. Kwenye nyumba zetu mshukiwa wa kwanza ni kikombe au sahani yenye ukingo wa dhahabu, zile seti za zawadi za harusi zinazotoka kabatini wageni wakija. Ule mstari wa dhahabu ni madini ya kweli yaliyopakwa kwa wembamba sana, na mawimbi yakiupata hurusha moto kutoka ncha hadi ncha. Sahani itabaki na alama nyeusi, na mashine inaweza kubaki na kovu. Mshukiwa wa pili ni foili ya chipsi kuku iliyosahaulika chini ya vipande, kisha pini ya stepla kwenye mfuko wa karatasi, kisha kijiko.

Kama hakuna madini yoyote na cheche zinaendelea, tazama ukuta wa kulia ndani ya chumba cha kupikia. Utaona kipande bapa cha rangi ya fedha iliyofifia au kahawia, kama ukubwa wa kiganja au kidogo zaidi, kinachofanana na karatasi ngumu. Hiyo ni karatasi ya maika. Imewekwa hapo kuziba tundu ambamo mawimbi hupita kuja kwenye chakula, ili mvuke na mafuta visiingie kwenye magnetroni. Kazi yake inaufanya upande huo upokee kila tone linaloruka. Mafuta yakirukia hapo na kuachwa, siku baada ya siku yanaungua na kuwa masizi, na masizi hupitisha umeme. Pale kwenye doa jeusi ndipo cheche zinapozaliwa, na kila cheche hulipanua doa. Likigunduliwa mapema, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kinatosha. Likishatoboka, karatasi ibadilishwe. Huuzwa kwa vipande vikubwa, unakata kwa mkasi ukifuatisha ya zamani, na kuichomeka kwenye vishikizo vyake. Haifai kuitoa na kuendelea kupika bila hiyo, kama wafanyavyo wengine, kwa sababu kitakachochafuka baada ya hapo ni magnetroni, na bei ya magnetroni si ya kulinganisha na ya karatasi. Rangi ya ndani iliyobanduka mpaka chuma kuonekana nayo huleta cheche. Huo ukarabati ni wa kusugua kutu na kupaka rangi maalumu ya maikrowevu, si rangi ya mlango wa geti.

Mipasuko mingine ni ya chakula tu. Yai la kuchemsha lenye ganda, maharage makavu yaliyopashwa bila kufunikwa, ngozi ya samaki, vyote hivyo hupasuka mvuke ukikosa njia. Yai la namna hiyo usiliweke kabisa; vingine toboa, funika kwa kifuniko chenye matundu, punguza nguvu.

Feni ndiyo sehemu inayoumizwa zaidi na mazoea yetu. Tunapenda kuipamba maikrowevu. Juu tunatandika kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa tunaweka chupa za chai au kapu la matunda, na mashine yenyewe tunaisukuma mpaka iguse ukuta ili meza ipate nafasi. Matundu yote ya hewa yanazibwa. Feni inavuta hewa isiyokuwapo, inahangaika, sauti yake inapanda. Joto linalopaswa kutoka linabaki ndani, na kinacholipokea ni magnetroni na sumaku zake mbili za duara. Sumaku hizo zikipata joto kupita kiasi hupasuka. Kuanzia siku hiyo mashine itanguruma, itapasha kidogo, na mwenyewe atalaumu umeme wa mtaani wakati mkosaji ni kitambaa. Ondoa kitambaa. Acha upana wa kiganja nyuma na pembeni, na juu pabaki wazi.

Mlio wa feni inayougua hutambulika kwa urahisi: unapanda na kushuka, au ni wa kukereza kama kitu kinagusa bapa zake, na husikika tangu sekunde ya kwanza kabla mvumo mzito haujaingia. Sababu inaweza kuwa vumbi lililochanganyika na mafuta, au mhimili uliokauka. Tena wapo mende. Jiko lenye joto, giza na harufu ya chakula ni makazi yao, na matundu ya maikrowevu ni mlango ulio wazi. Huingia kwenye feni, huingia hata kwenye ubao wa umeme nyuma ya vitufe, ambako kinyesi na mizoga yao huunganisha njia za umeme zisizopaswa kukutana. Mashine inayopiga "bip" yenyewe usiku, au vitufe vinavyojibonyeza, mara nyingi ina wageni hao. Kufungua na kusafisha ni kazi ya fundi. Kuwazuia wasiingie ni kazi ya mwenye jiko, na huanza na kufuta chini ya mashine kila jioni.

Kabla ya kufika kwenye kosa kubwa, fanya jaribio moja la mkono. Mashine ikitetemeka na kulia kama bati, bonyeza kiganja juu ya kava, kisha pembeni. Sauti ikibadilika au ikikoma, ni skrubu zilizolegea, au fundi aliyepita alirudisha nne mahali pa sita. Ihamishie kwenye meza nyingine pia. Meza ya mbao nyembamba huukuza mvumo wa kawaida mpaka ukaonekana maradhi.

Sasa ngurumo. Huu ndio mlio ambao ukiusikia usimalize hata hiyo dakika moja ya bilauri. Niliwahi kukaa kwenye banda la fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, akaingia mama mmoja na kijana aliyembebea mashine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii maikrowevu inanguruma mno, na chakula kinabaki baridi."

"Ilianza ghafla au polepole?"

"Ghafla. Juzi usiku, umeme ulikatika, uliporudi tu ikaanza."

"Taa inawaka? Sahani inazunguka?"

"Vyote vizuri, mwanangu. Ila hiyo sauti mpaka watoto wanakimbia."

"Basi mama, usiiwashe tena mpaka nikuite."

Hakuwa ameshika bisibisi bado, lakini alikwishapunguza washukiwa mpaka wakabaki watatu. Taa na sahani zikifanya kazi, umeme wa kuingilia, fyuzi na swichi za mlango ni vizima. Ngurumo kubwa bila joto maana yake ni kwamba transfoma inabebeshwa mzigo usio wake: kuna kitu upande wa umeme mkali kimeungana na kuupitisha umeme moja kwa moja. Kinaweza kuwa dayodi, kapasita au magnetroni yenyewe.

Nilichokipenda kwake ni mpangilio. Plagi ilichomolewa na kuwekwa juu ya meza mahali anapoiona. Kava likatoka. Kabla ya kugusa chochote alitoa chaji ya kapasita kwa kifaa alichokitengeneza, chenye mpini uliofunikwa vizuri kwa plastiki, mkono wake mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Kisha akarudia mara ya pili. Hapo ndipo akachomoa waya na kuanza kupima kimoja kimoja. Uzi wa magnetroni lazima usome karibu na sufuri, na kati ya uzi huo na bodi ya magnetroni kusiwe na njia kabisa. Kapasita isome karibu na mikrofaradi 1, namba iliyoandikwa ubavuni mwake.

Dayodi ina siri yake, na mafundi wengi wanaoanza hupotezea hapo. Ndani yake mna dayodi ndogo nyingi zilizopangwa kwa mstari mmoja, ili zihimili maelfu ya volti. Betri iliyo ndani ya mita ya kawaida haina nguvu ya kuzifungua zote, kwa hiyo mita husema haipitishi upande wowote. Fundi asiyejua atasema imekufa, atauza nyingine, na ngurumo itabaki palepale. Anayejua huunga betri ya volti 9 kwenye njia ya kipimo, na hapo dayodi nzima hupitisha upande mmoja na kukataa upande wa pili. Ikipitisha pande zote mbili imeungua. Ya yule mama ilipitisha pande zote. Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kidole, nacho ni miongoni mwa vipuri nafuu kabisa ndani ya mashine. Bila kipimo kile mama angeambiwa anunue mashine nyingine.

Ipo hali inayofanana na hiyo lakini si hiyo: mvumo ni wa kawaida, chakula kinapata moto, ila polepole kuliko zamani. Hapa kuna kipimo cha nyumbani kisichodanganya sana. Chukua lita 1 ya maji ya baridi, pima joto lake kwa kipimajoto, yapashe kwa nguvu zote kwa sekunde 60, koroga, pima tena. Zidisha nyuzi zilizoongezeka kwa 70. Zikiongezeka nyuzi 10, mashine inatoa wati 700. Linganisha na maandishi ya nyuma ya mashine, kwenye wati za kupikia na si zile za umeme unaoingia. Tofauti ndogo si tatizo. Ikiwa nusu imepotea, magnetroni imechoka, au umeme wa nyumba ni mdogo. Rudia kipimo hicho saa tano asubuhi na saa mbili usiku, mtaa mzima unapowasha pasi na majiko, utajua ni kipi.

Maana umeme nao huimba kupitia mashine hii. Wenye sola wanalijua hili. Inveta za bei ndogo hazitoi wimbi laini bali la ngazi ngazi, na transfoma ya maikrowevu ikilipata hilo hupiga kelele kali ya kukwaruza na kupasha chini ya uwezo wake. Mashine haina kosa, inveta ndiyo haifai.

Na wapo ndugu zetu wanaotuma mashine kwenye makontena kutoka ughaibuni. Ya Uingereza au Oman haina tabu, umeme wao ni mizunguko 50 kama wetu. Ya Marekani ni ya volti 120 na mizunguko 60. Ya Saudi Arabia nayo ni ya mizunguko 60. Ya Japani ni ya volti 100, na Japani yenyewe imegawanyika, mashariki 50 na magharibi 60. Transfoma ya kushusha volti inarekebisha volti tu, haigusi mizunguko. Chuma kilichopimwa kwa mizunguko 60 kikipewa 50 hushiba sumaku kupita kiasi, kinapata moto, kinanguruma tangu siku ya kwanza, na hakuna fundi atakayeitibu ngurumo hiyo. Dalili nyingine ni saa ya mashine: baadhi ya hizi huhesabu muda kwa mizunguko ya umeme, na zikifika kwetu huchelewa dakika 10 kila saa. Ukiona saa inachelewa hivyo na mashine inanguruma, usitafute dayodi. Mshukuru aliyeituma, na umwambie safari ijayo asome kibandiko cha nyuma kabla ya kununua.

Mlango una milio yake. Mashine ikipiga "pa!" moja wakati wa kufungua au kufunga mlango kisha ikazima kabisa, bila taa wala saa, fyuzi imekatika, na aliyeikata ni swichi. Nyuma ya lachi za mlango kuna swichi, kwa kawaida tatu. Moja kati yake imewekwa kwa kazi ya ajabu: swichi kuu ikinasa na kukataa kukata umeme mlango ukiwa wazi, hiyo ya tatu huunganisha umeme kwa makusudi ili fyuzi ife, mashine isipike huku mlango u wazi. Mawimbi haya hupasha mwili kama yanavyopasha nyama, na jicho ndilo linaloumia upesi, kwa kuwa lenzi yake haina damu ya kuondoa joto. Kwa hiyo fundi anayeweka fyuzi mpya bila kupima swichi hajatengeneza kitu. Na fundi anayefunga waya mahali pa fyuzi ameondoa ulinzi wa familia yako. Kama mvumo mzito wa kupika unaendelea mlango ukiwa wazi, chomoa plagi na usiirudishe.

Swichi hizo huchakazwa na tabia moja: kuusimamisha upishi kwa kuvuta mlango badala ya kubonyeza kitufe. Kila unapouvuta mashine ikiwa kazini, swichi hukata umeme mkubwa kwa ghafla na kurusha cheche ndani yake. Tabia hiyohiyo iliwasumbua wanaastronomia kwa miaka 17. Darubini ya redio ya Parkes, Australia, yenye sahani ya meta 64, ilianza kunasa mapigo ya ajabu mwaka 1998, yakifanana kwa kiasi na mawimbi yanayotoka mbali sana angani. Yakaitwa peritoni. Yalikuja zaidi saa za kazi, mchana. Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake waliweka wazi chanzo chake: maikrowevu za hapohapo kituoni. Mtu mwenye haraka akivuta mlango kabla ya muda kwisha, magnetroni katika kuzimika kwake ilitoa pigo fupi la redio, nalo likatoka kupitia mlango uliofunguka, na darubini ikiwa imeelekea upande unaofaa, ikalinasa. Waliupata ukweli kwa kukaa na mashine na kuijaribu kwa kila namna, wakirekodi kilichotokea na saa kilipotokea.

Mwenye nyumba anaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu yake. Rekodi mlio kabla ya kwenda kwa fundi, maana kosa lina tabia ya kujificha ukifika bandani. Rekodi kuanzia kubonyeza kitufe, na useme kwa sauti wakati sahani inapogusa, mvumo unapobadilika, maji yanapopata au kutopata moto. Mweleze kama lilianza ghafla au polepole, na kama umeme ulikatika siku hiyo.

Halafu mtazame anavyofungua. Kapasita ya maikrowevu hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Nyingi zina kizuizi kidogo ndani cha kuimwaga taratibu, lakini kizuizi hicho nacho hufa, na hakuna taa wala mlio wa kukuonya kwamba kimekufa. Chaji hiyo inaweza kusimamisha moyo wa mtu. Usiruhusu kijana wa nyumbani afungue kava hilo kwa kujifunza, hata kama redio na pasi anazitengeneza vizuri. Na fundi akifungua kava akaingiza mkono bila kwanza kutoa chaji ya kapasita, mzuie, chukua mashine yako, utafute mwingine.